Jino la Bibi na Raba za Breki

Mwezi uliopita nilikuwa Moshi mjini kwa mtoto wa kaka yangu, kijana ambaye watu walipokuwa wananunua magari yanayotembea, yeye alinunua lisilotembea. Ni pikapu ya zamani, ya miaka ile ya foleni za sukari, na anaifufua kipande kwa kipande uani kwake huku mkewe akiitazama kama mke mwenza. Siku hiyo alikuwa amepokea boksi dogo la raba za breki. Boksi lina kibandiko kinachong'aa. Unakikwangua unapata namba, namba unaituma kwa simu, simu inakujibu kwamba mzigo wako ni halali. Akanikabidhi huku anacheka. "Shangazi, si wewe ulilelewa na yule bibi wa spea? Haya, niambie, hii orijino au feki?"

Nikatoa raba moja, nikainusa, na kabla sijajua ninafanya nini nikawa nimeipeleka mdomoni. Kijana akaangua kicheko. Mimi uso ulipata moto. Nikamrudishia boksi lake, nikamwambia mambo ya magari nimeyajulia wapi mimi. Nilimdanganya. Ninayajua kuliko ninavyopenda, na kwa kuwa yeye sikuweza kumweleza, acha nikueleze wewe.

Bibi yangu, mama yake baba, aliishi Machame, kwenye kihamba chenye migomba, kahawa na ng'ombe wawili waliokula kuliko sisi. Mimi nilikaa kwake miaka yangu yote ya shule ya msingi. Kazi yangu ilikuwa kukata majani ya ng'ombe, kuchota maji kwenye mfongo, mfereji uliopita nyuma ya nyumba, na kugeuza kahawa iliyoanikwa. Usiku nililala nikisikia maji ya mfongo yakipita, na asubuhi niliamshwa na harufu ya kiburu, ndizi na maharage yaliyoiva pamoja hadi hujui kipi ni kipi. Mpaka leo sijala kiburu kama kile, na usinibishie.

Lakini Bibi hakuwa bibi wa migomba tu. Babu, ambaye sikumkuta, alikuwa dereva wa malori, na alipofariki aliacha sanduku la bati lililojaa spea. Wajane wengine waliachiwa kahawa, yeye akaachiwa beringi. Akazibeba kwenda gulioni Kwa Sadala, akazipanga chini kwenye gunia kati ya mama wa ndizi na mama wa magadi. Wanaume walimcheka mwanzoni. Baadaye spea zikaadimika kabisa, magari mazima yakaota majani, na vitu vikawa vinavuka mpaka kwa njia za panya, vingine vizuri na vingine takataka tupu zilizowekwa ndani ya maboksi mazuri. Hapo ndipo walipoacha kucheka.

Bibi hakujua Kiingereza, ila maboksi aliyasoma. Alitazama pini kwanza. Pini zikiwa mbili na matundu manne, boksi limefunguliwa likafungwa tena. Alipapasa maandishi kwa kidole, akalinganisha namba ya boksi na ile iliyochongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu, kama mtu anayelinganisha sura ya mtoto na ya baba yake. Kisha akalisukuma boksi pembeni. "Usiniletee boksi," alikuwa akisema. "Niletee mpira." Akauuma kwa jino la pembeni. Mpira wa kweli ulirudi kama ulivyokuwa, wa bandia ulibaki na alama. Madereva walikuja kutoka hadi huko tambarare kumwumisha raba. Mimi nilisimama nyuma yake nikiringa, utadhani jino lile ni langu.

Sasa nikwambie kosa lenyewe, na ni kosa ambalo asingelifanya mtu yeyote isipokuwa bibi wa mlimani mwenye ng'ombe.

Raba nzuri zilipokuwa adimu, Bibi alizitunza kwa ajili ya watu maalumu. Baridi ya kwetu unaijua. Aliogopa zisikauke zikapasuka. Na kwetu kitu ukitaka kisikauke unakipaka mafuta ya ng'ombe: mkanda wa ngozi, mpini wa jembe, visigino vya mtoto. Kwa hiyo aliyeyusha samli, akazipaka raba moja baada ya nyingine kwa upendo kabisa, akazilaza ndani ya kopo la maziwa ya unga na kulifunga. Kopo hilo lilikaa juu ya dari ya jikoni msimu mzima wa mvua. Hakujua, na sisi sote hatukujua, kwamba mafuta ya aina hiyo huula mpira wa breki taratibu, ukavimba na kulegea.

Pikapu ya usharika ilipohitaji raba, Bibi aliteremsha kopo lake. Akazifuta, akazirudisha kwenye maboksi yake, akampa fundi. Hakuziuma. Alikuwa ameshaziuma zilipofika, na orijino haiumwi mara mbili, alisema. Fundi naye hakuzikagua, maana nani angekagua kitu kilichotoka kwa Bibi?

Pikapu iliondoka na mama zetu na ndizi zao kwenda gulioni. Kwenye ile kona kali ya kuteremkia darajani, dereva alikanyaga breki, ikazama hadi chini. Alifanya alichoweza. Aliligonganisha gari na ukingo, likalala ubavu ndani ya migomba ya watu. Hakufa mtu, lakini mama jirani yetu alivunjika mkono, na mkono ule haukunyooka tena.

Wazee wa kanisa walikaa. Siku iliyotangulia kulikuwa na sherehe ya kipaimara, na mtu mmoja akasema alimwona dereva ameshika kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Dereva akasema aliipokea kwa heshima akampitishia wa pembeni, yeye hanywi anapokuwa na safari. Wakamwita Bibi. Wakamuuliza kama raba zilikuwa nzima. Mimi nilikuwa dirishani na wenzangu, tumepandana migongoni.

"Raba zangu ni orijino," Bibi alisema. "Boksi lake, namba yake, vyote sawa. Msitafute kwenye raba. Mtafuteni dereva alikunywa wapi."

Na alisema kweli, unaona. Raba zilikuwa orijino. Dereva alifukuzwa kazi siku hiyohiyo, na wiki haikuisha watoto wa shule walikuwa wanamwita Mlevi. Nami nilikuwa miongoni mwao. Kama mjukuu wa Bibi, niliona nina haki ya kupaza sauti zaidi.

Fundi alikuja nyumbani baadaye, alipolifungua gari kulitengeneza. Bibi alikuwa anakamua, mimi nimeshika ndama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Hakukaa. Alifungua kitambaa, na ndani mlikuwa na raba zilizoumuka kama maandazi. "Bibi, hizi zinanuka samli," alisema kwa sauti ya chini.

Bibi alichukua moja. Akainusa. Akaiuma, na jino likazama ndani hadi nikasikia vibaya mimi. Alikaa amelishika lile dubwana kinywani kwa muda, kisha akalitema kiganjani. Fundi aliogopa naye angeulizwa kwa nini hakukagua, kwa hiyo akafunga kitambaa chake akaaga. Maziwa ya siku ile ng'ombe aliyapiga teke, Bibi hakumgombeza.

Kwetu mtu akikukosea sana anakuletea isale, lile jani refu la mmea tunaopanda mpakani mwa vihamba. Akishakuletea, amekuomba radhi kwa namna ambayo huwezi kuikataa. Ukilikataa isale, kosa linahama kwake linakuja kwako. Bibi alilikata moja kwenye ua wetu kabla jua halijachomoza, akalificha ndani ya khanga, akanitwika mimi ndizi na kibuyu cha maziwa. Tukateremka hadi Mabogini, ambako dereva alikuwa amepata kibarua kwenye majaruba ya mpunga.

Tulimkuta amezama kwenye tope. Alipotuona alitoka, akanawa mikono kwenye mfereji, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama." Hata baada ya yote, alianza yeye.

Bibi hakuitikia kwanza. Alitoa isale akamnyooshea kwa mikono miwili. "Mwanangu, hukuwa umelewa. Zilikuwa raba zangu. Nilizipaka samli, zikaharibika."

Alilitazama lile jani kwa muda mrefu. Mimi nilitazama miguu yake, tope likimkaukia. "Ungeniletea kitu kingine chochote ningekirudisha, mama," alisema. "Isale nitalikataaje?" Akalipokea. Kisha akasema: "Basi uwaambie wazee. Uwaambie tu sikuwa nimelewa. Kazi si lazima."

"Nitawaambia," Bibi alisema.

Jumapili iliyofuata nilimsubiri asimame. Nilivaa soksi zangu nzuri, nikijua litakuwa jambo kubwa. Matangazo yakasomwa, mnada wa ndizi na mayai ukafanyika, Bibi akaimba wimbo wa mwisho kwa sauti yake nzuri, tukarudi nyumbani. Nikasema labda Jumapili ijayo. Kila Jumapili nilimtazama akirekebisha kitambaa chake kichwani, nikidhani sasa anasimama. Mara moja tu nilimuuliza, tukiwa tunamenya ndizi. Aliniangalia kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, kama mtoto aliyeshikwa. "Yeye amenisamehe," alisema. "Mbona wewe hutaki?"

Sikumuuliza tena. Nilimpenda mno, na hilo ndilo linalonichoma. Mpaka leo nikiwaza jinsi jani lile lilivyomfunga yule mwanaume asiweze hata kukasirika, wakati sisi halikutufunga chochote, natamani kujifunika uso. Spea aliziacha. Madereva walipokuja aliwaambia jino limelegea, waende mjini. Watu wakasema ona unyenyekevu wa yule mama.

Alifariki nikiwa sekondari. Kwenye mazishi, mzee wa kanisa alisoma wasifu, akasema mama huyu hakuwahi kumdanganya mtu hata kwa kipande cha mpira. Dereva alikuwepo. Alipanda kutoka Mabogini na mchele begani, mchango wake. Mbege ilipoanza kugawiwa, mcheshi mmoja akapiga kelele kutoka kwenye benchi: "Huyo mpimieni! Asije akatuangushia jeneza!" Watu walicheka, hata wafiwa tulicheka. Naye alicheka pamoja nasi, akaipitisha kata kwa mtu wa pembeni bila kuonja.

Sasa karibu vyote vimekwisha. Sanduku la bati liliuzwa kwa wanunua vyuma chakavu. Kahawa imeng'olewa nusu, mfongo umekauka na mkondo wake wanatupia chupa za plastiki. Gulio bado lipo, lakini huko sasa spea unaambiwa bei kabla hujaishika. Fundi alitangulia, wazee wale wote wametangulia, dereva naye nilisikia alizikwa hukohuko tambarare. Sijui kama kuna mtu mwingine aliye hai anayejua habari ya lile kopo.

Nilipotoka kwa mtoto wa kaka yangu nilipanda mlimani kuona makaburi. Kijana wa bodaboda aliyenichukua pale njia panda hakuwa hata amezaliwa siku zile. Barabara wameiweka lami, daraja jipya, maduka kila upande. Akaniuliza, "Mama, nikushushe wapi?"

Makaburi yetu yako karibu na ile kona ya kuteremkia darajani, nami nilitafuta jina jingine la mahali pale. Nilitaja kihamba chetu, hakijui. Nikataja jina la babu, hamjui. Pikipiki inanguruma, ananisubiri kwa adabu.

"Kona ya Mlevi," nikamwambia.

"Aaa, hapo napajua," akasema, akaondoa pikipiki.