Mahali Video Ilipokuwa Ikikwama

Mama yangu ninaye kwa sekunde chache tu. Yuko ndani ya video ya mazishi ya babu, saa ya tatu, pale kwenye jiko la nje ambapo wanawake wanapakua chakula cha wageni. Anainua kifuniko cha sufuria, moshi unamfunika, anamgeukia mpiga video, anafungua mdomo. Hapo ndipo video ilikuwa inakwama.

Kwetu Homa Bay, mazishi bila mtu wa video watu watakuuliza mlikuwa mnaficha nini. Babu alipigwa video kutoka mochari mpaka udongo wa mwisho, saa sita nzima, na ndiyo maana mama akapatikana humo. Hakuna aliyemlenga yeye. Alikuwa tu pale kamera ilipopita. Miaka miwili baadaye aliugua akafariki, nikiwa na miaka mitano, na Dani, yaani nyanya yangu, mke wa huyo babu, ndiye aliyenilea.

Mimi ni fundi wa simu mjini Migori. Shule niliachia kidato cha pili, lakini vitu vya waya hunipenda. Sebule ya Dani nilikuwa nimeigeuza stesheni yangu ya tivi. Chini ya meza ya tivi niliweka kompyuta kuukuu iliyotoka kwa saiba ya intaneti iliyofungwa, nikaijaza nyimbo za kwaya, sinema, harusi za majirani, na video ya babu. Mimi niliiita seva. Dani aliiita sanduku. Kazi yake ilikuwa kutuma video kwa tivi bila waya, na ndoto yangu ni kwamba siku moja mtaa mzima utafungua simu na kuona mambo yetu wenyewe kutoka hapo. Bado naota.

Shida ni kwamba video ya babu ilitolewa kwenye kanda ikahifadhiwa kwa mtindo wa zamani ambao tivi haielewi. Kwa hivyo sanduku lilibidi liibadilishe huku inacheza, kipande kwa kipande. Watu wakiwa wamekaa kwa viti wanasikiliza hotuba, lilijikaza. Likifika jikoni, moshi, mikono, watoto wanakimbia, kila kitu kinasonga kwa wakati mmoja, lilishindwa. Picha inasimama, sauti inakatika, kale kaduara kanazunguka juu ya uso wa mama. Likizinduka, kamera iko kwa wageni chini ya hema. Nilijaribu kuibadilisha yote mara moja; likashika joto likazima kabla ya kufika kwa mama. Nikajaribu tena na feni ikilipepea, stima ikapotea.

Basi tukawa tunamjazia maneno. Dani alisema alikuwa anauliza kama mtoto amekula. Shangazi alisema, "Alikuwa anamtusi huyo wa kamera. Mama yako alikuwa na mdomo, usione ukimya wako." Mimi sikumwambia mtu, lakini niliamini anaita jina langu. Siku hiyo nilikuwa na miaka mitatu, lazima nilikuwa karibu. Sauti yake sina hata kidogo kichwani. Nilitaka tu kuisikia ikinitaja.

Mwaka huu nikapata mashine Rongo, kwa jamaa anayeuza kompyuta zilizotoka maofisini. Nilitaka ile ambayo prosesa yake ina sehemu maalum ya kubadilisha video, ili kazi hiyo isiimalize nguvu zote.

"Siste, unafungua stesheni ya tivi?" akaniuliza.

"Kitu kama hiyo."

"Basi niweke kwa habari."

"Utasoma hali ya hewa. Kwanza niongezee memori."

Nilifika nayo Jumapili, Dani ametoka misa, bado na kitambaa chake cha kichwa.

"Sanduku jipya?"

"Jipya kwetu, Dani."

"La kwanza lilikosa nini?"

"Lilikuwa linachoka."

"Hata mimi nachoka. Usinibadilishe."

Nikanakili video zote, nikaunganisha, nikajaribu kwaya, nikajaribu harusi. Zote zilipita laini kama maji. Dani akavuta kiti. "Weka mzee," akasema, akimaanisha babu. Sikuanzia mwanzo. Nilienda moja kwa moja saa ya tatu.

Kifuniko. Moshi. Moshi ukasonga; sikuwa nimewahi kuuona ukisonga. Mama akageuka. Yeye alikuwa Mkuria wa Kegonga, na kwa boma letu alizungumza Kiswahili kwa kuwa hakujua lugha yetu, ndiyo maana hata mimi na Dani tunakizungumza mpaka leo. Sauti ikaja, nzito kuliko nilivyodhani, imekwaruzwa na moshi.

"Usinipige mimi. Piga wageni. Mimi niko hapa kila siku."

Na kamera ikamtii. Ikaenda kwa wageni.

Nilitafuta jina langu katika yale maneno na halikuwepo. Kila siku, alisema, huku anafunika sufuria.

Dani akasema, "Ndiyo yeye. Hakupenda kusumbua mtu. Rudisha."

Nikarudisha. Nikarudisha mpaka nikajua anavuta pumzi wapi kati ya neno na neno. Chai ikapoa. Nilikuwa nacheka na kufuta macho, maana sasa nilikuwa na sauti.

"Anapita haraka," Dani akasema.

"Ndiyo mwendo wake, Dani. Hii haikwami."

"Ile nyingine ilikuwa inamshika kidogo."

Nikabonyeza kusimamisha, mama akabaki na mdomo wazi. Dani akatikisa kichwa. "Hapana. Huyo umemsimamisha wewe." Akaangalia chini ya meza. "Ile nyingine iko wapi?"

"Chini ya kitanda. Nilitaka kuiuza vipuri."

"Usiuze."

Sijauza. Nikienda Jumapili naziunganisha zote mbili. Kwa ile mpya tunamsikia. Halafu Dani anasema weka ile yake ya zamani, naweka, na tunakaa pale, kaduara kanazunguka, mama amefungua mdomo, wageni wanangoja chini ya hema lao, na hakuna mtu anamharakisha.