Salamu ya Dada Kwenye Spika

Harufu ya blanketi lenye unyevu hunirudisha Iringa, chumbani kwa dada, alikotundika mablanketi yetu yote ukutani kuzuia mwangwi ili arekodi albamu yake ya rap. Tuliganda kwa baridi, na wala sijutii. Baba aliuita muziki huo uhuni, akaapa hatamsemesha dada tena.

Prodyuza wake naye alitaka dada aondoe "Kamwene," salamu yetu ya Kihehe, mwanzoni mwa wimbo wa kwanza.

"Siitoi ng'o!" dada akamjibu. "Kwetu ukisalimiwa, unaitikia."

Albamu ikauzika mpaka Mbeya. Siku moja niliingia na baba duka la mtaani kwetu kununua chumvi, na spika ikapaza sauti ya dada: "Kamwene!"

Duka zima likamgeukia baba. Akakunja uso, akavuta koti lake.

"Kamwene," akaiitikia spika.