Nililala Siku Tatu Hoteli ya Bustani ya Maji, Nikatoka Mkavu

Admin, ficha jina langu tafadhali. Kanisani kwetu wengi wanafuata ukurasa huu, hata wale wanaosema hawaufuati.

Ndugu zangu, kwa heshima na taadhima naomba kuwatangazia habari nzito: mimi, mama wa miaka arobaini na saba, msusi wa nywele hapa Umbilo, nilikaa siku tatu katika hoteli ya bustani ya michezo ya maji ya Durban, tiketi ya kuingia iko mkononi, na sikuingia hata dakika moja. Nililowa kwenye beseni la kuogea tu. Huko nililowa mara nne kwa siku.

Chekeni, ni haki yenu. Mume wangu alicheka wiki nzima. Lakini jambo hili limenifikisha pahali ambapo sijui nitatokaje.

Sisi ni Wakongo wa Uvira, tuko hapa Afrika Kusini tangu kabla ya Kombe la Dunia la 2010. Kazi yangu ni ya kusimama. Nasuka asubuhi mpaka jioni, na wakati wa kurudi nyumbani miguu imevimba hadi viatu navibeba mkononi. Sasa likizo ya Aprili, mteja wangu wa miaka mingi, mama wa Kizulu, alifiwa ghafla na alikuwa ameshalipia hoteli. Akaniambia, "Dada, nenda wewe na familia yako." Tukaenda watatu: mimi, mume wangu, na binti yetu wa miaka kumi, nitamwita Riziki.

Siku ya kwanza Riziki aliamka na nguo ya kuogelea mwilini, kumbe alilala nayo. "Mama, twende!" Nikamwambia, "Tangulia na papa yako, nakuja." Na kweli nilikuwa nakuja. Lakini nilipita kwanza kwenye chakula cha asubuhi, mpishi akaniuliza nataka mayai yangu yawe vipi. Tangu nifike nchi hii hakuna mtu aliyeniuliza nataka kitu chochote kiwe vipi! Nilifikiri pale kama niko mahakamani. Kurudi chumbani nikamkuta mama wa usafi anatandika kitanda, nikashika ncha ya shuka nimsaidie. Akanizuia: "Hayi, mama, kaa. Wewe ni mgeni." Nikakaa. Kukaa kule ndiko kulikoniponza.

Siku ya pili mtoto alinivuta hadi mlangoni. "Mama, kuna mtelezo mrefu kuliko ghorofa yetu. Mara moja tu, halafu urudi ulale."

"Nakuja, acha nioge kwanza."

"Eish, mama! Unaoga ili uende kulowa?"

Baba yake akamshika bega. "Mwache. Leo mama yako ni mke wa waziri."

Jioni walirudi, misuko yote niliyomsuka imefumuka, macho mekundu kwa maji. "Mama, uliniona? Uliona nilivyofunga macho?"

"Nilikuona, mwanangu. Nilisimama dirishani nikaomba Mungu akushushe salama." Neno lilitoka lenyewe. Akanikumbatia na maji yake yote.

Ningejua! Jumapili, wakati wa ushuhuda, Riziki akanyoosha mkono. Akasimama mbele ya kanisa: "Bwana asifiwe. Mama yangu alikataa kwenda kucheza. Alibaki ananiombea. Kule juu niliogopa sana, lakini nilijua mama ananiona, nikashuka." Kanisa zima likasimama. Mama mmoja wa kwaya alilia kabisa. Mchungaji akachukua kipaza sauti: "Mmeona? Tiketi iko mkononi, lakini magoti iko chini!" Magoti hakuna aliyeyataja, jamani.

Akaendelea palepale. Safari ya mwisho wa mwaka ya Sunday school, iliyokuwa ya kwenda bustani hiyohiyo, imefutwa. Badala yake watoto watafunga na kuomba siku tatu. Mwalimu wao: mimi.

Sasa watoto wanamnunia binti yangu. Juzi alirudi analia. "Wanasema mama yangu ameharibu safari." Halafu akajifuta machozi kwa mkono wa sweta. "Lakini nimewaambia, hawana mama kama wewe."

Nilimwambia mume wangu twende kwa mchungaji tuseme ukweli. Akasema, "Ukweli gani? Ulimwona, ukaomba kidogo, ukalala. Mimi nilikukuta unakoroma, lakini hiyo ni ya baadaye. Ulimwona, sio?"

Nikasema, "Ee."

Ndugu zangu, kilichotokea kweli hata yeye hakijui. Mchana ule simu ililia. Alikuwa yeye. "Mama Riziki, mtoto iko juu anatetemeka, watu wanangoja nyuma yake. Anasema hashuki mpaka ajue unamwangalia. Uko dirishani?" Nilikuwa kitandani, mito miwili chini ya miguu, pazia limefungwa. Kutoka kitandani hadi dirishani ni hatua sita, nilizihesabu baadaye. Nikajibu, "Niko. Namwona. Mwambie ashuke." Nikasikia akipaza sauti, "Mama anakuona! Shuka!" Nikasikia watu wakipiga makofi. Sikuomba. Sikuinuka. Niligeuza mto nikaulalia upande wa baridi, na sitawadanganya na ninyi: tangu nitoke Uvira sijawahi kulala usingizi mtamu kama ule.

Nikisema, watoto watapata safari yao, na Riziki atajua alishuka peke yake. Nikinyamaza, Desemba nitasimama mbele ya watoto wale niwafundishe kuomba. Nishaurini kwa upole, na wa kunitukana pia nitawasoma. Nifanye nini?