Mgongo Ukigusa Chini

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngara mjini, nashona sare za shule na magauni ya kipaimara. Lakini vijana wa bodaboda wanaoegesha mbele ya kibanda changu hawaji kwangu kwa ajili ya nguo. Wanakuja wajue nani atashinda. Napenda yale mapigano ya ndani ya uzio, ambamo ngumi, mateke na mieleka vyote ni ruksa, na nayapenda kuliko inavyompasa mama mtu mzima anayeimba kwaya. Utabiri wangu nauandika mlangoni kwa chaki ya kukatia nguo. Nikikosea, nanuna hadi Jumatano.

Mpambano ninaousimulia ulimkutanisha mpiga ngumi mrefu, mwenye mikono ya kufikia papai bila upembo, na mwanamieleka mfupi mwenye shingo nene. Niliangalia mapambano matano ya kila mmoja kwenye simu huku nikipiga pindo. Yule mrefu alijua kujikinga asishikwe miguu. Kila aliyemwinamia alikutana na goti. Nikaandika mlangoni: mpiga ngumi, raundi ya pili.

Wiki hiyo babu yangu mzaa mama alikuja mjini kutoka Keza kununua mbegu za maharage. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku akiitazama nguzo ya kibanda badala ya uso wangu. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. La kulia lilikuwa limeshafunikwa kabisa, la kushoto lilikuwa njiani. Msimu huo alipalilia kahawa akang'oa miche kumi na moja akidhani ni magugu, kisha akawasingizia mbuzi. Niliposimuliwa nilicheka, halafu nikaingia ndani nikalia.

Madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali ya wilaya kwa siku chache, kuanzia Jumatatu iliyofuata. Nikamwomba aende. Ilikuwa mara yangu ya saba au ya nane kumwomba.

"Mke wangu," akasema, maana ndivyo babu anavyomwita mjukuu wake wa kike, "kisu nakijua tangu utoto. Hakijawahi kuwa rafiki wa jicho."

Nikaacha. Ili kubadilisha mazungumzo nikamweleza habari za mpambano, naye akasahau mbegu zake palepale. Ujanani alichunga ng'ombe kwenye vilima vya kule Kabanga, na wachungaji wa enzi zake walishindana mieleka kila ng'ombe walipopumzika. Sheria ilikuwa moja. Mgongo ukigusa majani, umeshindwa. Unasimama, unampa mwenzako mkono, unaondoka bila kugeuka nyuma, na hadi jioni wewe ndiye unayekimbia kuwarudisha ng'ombe wake wakielekea kwenye mashamba ya watu. Hakuna aliyeomba marudio.

"Huyo mfupi anasimamaje kabla hawajashikana?" akaniuliza.

"Ameinama, mguu wa kushoto mbele. Mikono iko chini."

"Magoti?"

"Yamekunjwa kidogo."

"Basi huyo anashinda. Huyo mrefu wako atatafuta miguu yake asiione."

Hapo hasira zangu za utabiri zikanipanda, na hofu yangu ya macho yake ikazifuata. Nikamwambia tuwekeane dau. Mpiga ngumi akishinda, Jumatatu babu anakwenda hospitali bila neno. Mwanamieleka akishinda, mimi sitalitaja tena jicho mbele yake maisha yangu yote. Akanipa mkono. Usiku huo sikulala vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeweka macho ya babu yangu mikononi mwa mtu ambaye hata hanijui.

Kwao Marekani mapigano hayo huwa Jumamosi usiku, kwetu inakuwa Jumapili asubuhi. Babu alisali misa ya kwanza, akaja moja kwa moja kwenye banda la video karibu na stendi, amevaa koti na rozari mfukoni. Vijana wakampisha benchi la mbele. Nikakaa kando yake nikawa macho yake, namsimulia kila kitu.

Raundi ya kwanza ilikuwa yangu. Mrefu alimpiga mfupi usoni akavimba. Nilimsimulia babu bila kuongeza chumvi, ingawa nilitamani. Raundi ya pili mfupi akaingia miguuni, wakavutana hadi kwenye uzio, halafu wote wawili wakaanguka, mfupi chini na mrefu juu yake.

Babu alisikia kishindo. "Nani yuko chini?"

"Wako, babu."

"Mgongo umegusa?"

"Mgongo wote."

Akasimama. Akavuta koti lake vizuri, akanipa mkono mbele za watu wote. "Nimeshindwa," akasema, akatoka nje bila kugeuka nyuma.

Nilipaswa kumwita. Najua vizuri kwamba ndani ya uzio ule mtu anaweza kulala chali na bado akawa anashinda. Nilisimama mlangoni, jicho moja kwa babu na jingine kwenye televisheni, nikaona miguu ya mfupi ikipanda kutoka chini, ikamzunguka mrefu shingoni na mkononi, ikakaza. Mrefu alijitikisa. Kisha akapiga sakafu kwa kiganja mara tatu, ndiyo namna yao ya kusema basi. Banda zima likalipuka.

"Wanapigia nini kelele?" babu akauliza kutoka barabarani.

"Mshindi amepatikana," nikasema.

"Ego," akajibu kwa lugha yetu, yaani ndiyo, akaendelea kutafuta pikipiki ya kumrudisha Keza. Ule ndio utabiri pekee niliokosea nikafurahi. Niliwageukia vijana wa bodaboda nikaweka kidole mdomoni pangu. Wakanielewa, ila kwa mwezi mzima waliniita Mwanamieleka.

Jumatatu alikwenda. Alitetemeka hadi nikashika mkono wake, na alipoulizwa kama ana hofu akasema ni baridi ya kilimani. Wakalifanyia upasuaji jicho la kulia, lililokuwa baya zaidi. Kesho yake, kitambaa kilipotolewa, alinitazama kwa muda mrefu.

"Umezeeka, mke wangu," akasema. Sijawahi kupewa sifa iliyonifurahisha kama ile.

Wiki sita baadaye alikuja tena kibandani. Safari hii hakuiitikia nguzo marahaba. Aliusoma mlango wangu kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sauti. Akaketi, akaomba nimwonyeshe ule mpambano wetu, maana hakuwahi kuuona kwa jicho zima. Ningeweza kusema bando limeisha. Lakini alikuwa amenikazia lile jicho safi, nami nikashindwa kulidanganya. Nikampa simu.

Aliangalia yote. Alipofika kwenye anguko hakusimama. Aliona miguu ikipanda, akaona kiganja kikipiga sakafu, akaniomba nirudishe nyuma, akaangalia tena.

"Kwa hiyo mimi nilishinda," akasema.

"Ulishinda, babu. Nisamehe."

"Na tulikubaliana nikishinda hutalitaja jicho langu tena."

"Ndiyo, babu. Sitalitaja."

Akaiweka simu juu ya kitambaa nilichokuwa nakata, akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akajaribu kunitazama kwa lile la kushoto lenye ukungu.

"Usilitaje," akasema. "Nitalitaja mwenyewe. Hili la pili, hao madaktari wanarudi lini?"