Bustani Niliyoipima kwa Hatua

Heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjayasikia sokoni. Mke wangu anafundisha hesabu hapa Mbinga, na tangu shuleni kwao alipohamia mwalimu mpya kutoka Kihagara, chakula cha jioni tunakila na sifa zake. Safari hii ilikuwa bustani ya maua waliyoilima kwenye mteremko wa shule.

"Ni pembetatu yenye pande zote sawa, Baba Neema! Njoo siku ya wazazi uione."

Nilikwenda mapema, nikaipima kwa hatua. Upande wa kushuka, hatua kumi na moja. Upande wa chini, kumi na mbili. Upande wa kupanda, kumi na nne, nikihema. Moyo wangu ulicheza ngoma.

Mkutano ulipofika kwenye pongezi, nikasimama na ushahidi wangu. "Mwalimu wetu mpya amewapotosha watoto. Pembetatu hii haina hata pande mbili zinazolingana."

Bibi mmoja, mkulima wa kahawa, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ulihesabu ukishuka na kupanda? Huku kwetu mtu akishuka hatua hurefuka, akipanda hufupika."

Wazazi wakaangua kicheko. Mke wangu akachukua kamba, akaitandaza upande mmoja baada ya mwingine. Ikatosha kote, bila kuzidi wala kupungua.

"Bustani hii niliipima mimi," akasema, kamba mkononi. "Mwenzangu alinishikia ncha tu. Haya, Baba Neema, waambie wazazi ulikuja kumpima nani."