Jivu Lililoangukia Maharagwe Yetu

Miwa ikichomwa hunukia kama sukari iliyosahauliwa jikoni, na harufu hiyo ndiyo iliyotuvamia kule Ekero, miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka tisa hivi. Jirani alikuwa amechoma shamba lake ili wakataji waingie. Upepo ukageuka, jivu likatuangukia, likafunika maharagwe yetu yaliyokuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Hayo ndiyo yangetulisha hadi mahindi yakomae. Hatukuwa na kingine, nisiwafiche. Mama akatukimbiza tuteke maji tuoshe majani. Ndoo ya kwanza tu, jivu likawa uji, likagandamana na maua.

Hapo akatokea mama mdogo, mke wa ndugu yake baba, aliyeolewa kwetu kutoka Kivu, nchi ya milima inayotema moto. Watu walikuwa wakimcheka kwa Kiswahili chake.

"Dada, acha mayi! Jivu ikikunywa haitoki!"

"Na wewe maharagwe yangu umeyajulia wapi?" Mama akamkata.

"Hii yenu ni poda ya mtoto. Kwetu mlima ulimwaga jivu mpaka migomba ikavunjika."

Akatueleza kwamba kwao waliokung'uta majani yakiwa makavu waliokoa chakula. Waliochelewa, mvua ililigeuza jivu kuwa kama saruji na mimea ikafa imesimama. Akavunja tawi la mpera, akaanza kuyagonga mashina ya maharagwe polepole, mstari kwa mstari. Mawingu yalishatanda upande wa Nandi. Mama alisimama na ndoo yake, mtu mkaidi yule, halafu akaitua chini, akavunja tawi lake. Mvua ilitukuta kwenye mstari wa mwisho.

Jivu lililobaki chini tulilichanganya na udongo kwa jembe, kama walivyofanya kwao, ambako misimu iliyofuata viazi vilinenepa. Mistari tuliyoiosha haikuzaa. Mingine yote ilitulisha, na sahani ya kwanza Mama alimpelekea mama mdogo mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Shule iliniacha darasa la nne, lakini leo nalima ekari kumi na mbili Likuyani, jasho langu mwenyewe. Zamani tuliomba maharagwe yafike tu kwenye sufuria. Sasa nauza magunia na kubakisha mbegu. Volkano sijaiona, wala siitaki. Ila shamba langu likipigwa na mvua ya mawe, vijana wangu wakianza kulia, mimi huuliza tu tunaanzia mstari upi.