Maji ya Moto ya Mama Mkwe

Mume wangu ni fundi bomba, mtaa mzima unamwita Spana. Nyumba za watu hazimshindi. Kwake mwenyewe, ukitaka koki ikazwe, uanze kumbembeleza Jumatatu. Mganga hajigangi. Lakini mwezi ule alipatikana, maana aliyekosa maji ya moto hakuwa mimi. Ni mama yake mzazi.

Mama mkwe alihamia kwetu kwa sababu ya viungo. Vidole vimepinda, magoti yanamuuma, na daktari kamwambia aoge maji ya moto kila asubuhi. Hita ya sola tulikuwa nayo paani miaka minne, haina neno. Alipohamia tu, vituko! Jioni maji yanachoma mpaka unaruka. Asubuhi baridi, na tangi la hita limefurika usiku kucha, maji yanachuruzika ukutani. Jua lilikuwa kali, sasa moto unakwenda wapi? Mimi sikuelewa. Spana naye hakuelewa, ila yeye alikuwa haelewi kwa kelele.

Akapanda, akafuta vioo. Akabadilisha boya, akidhani halizuii maji. Baridi. Akabadilisha boya la pili, akakagua mipira yote, akayavika mabomba sponji yasipoe. Baridi vilevile.

"Hii kitu imerogwa," akasema, mtu mzima na ndevu zake.

Siku ya tisa, alfajiri, maji bado yanachuruzika, mama mkwe akaanza kukunja nguo. "Wanangu, msihangaike. Narudi kwangu, nitajichemshia maji." Kwake anaishi peke yake, na mwaka jana alianguka na sufuria ya maji, akalala sakafuni mpaka jirani alipopita. Niliogopa, sisemi uongo. Spana alichukua ngazi.

Wakati anagombana na tangi huko juu, niliingia bafuni kwa mama kuchukua taulo la kufua. Spana hajakanyaga humo tangu mama ahamie, bafu la mama yako huliingii ovyo. Nikaona koki zote mbili, ya moto na ya baridi, ziko wazi, na maji hayatoki.

"Mama, mbona umeziacha wazi?"

"Hizo sizigusi, mkamwana. Mwanangu alinipimia vuguvugu kabla sijaja. Mimi nafunga hapa." Akanionyesha kikoki kwenye mpini wa bomba la mvua, cha kusukuma kwa kiganja.

Nikazifunga zote mbili, basi tu, sipendi koki wazi. Mara sauti paani: "We! Umegusa nini? Yameacha kumwagika!"

Tukaelewa, tena polepole. Maji ya baridi ya bafu lile yanatoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, na usiku mpaka alfajiri yana nguvu. Kikoki kikifungwa na koki mbili ziko wazi, yanavuka na kuingia kwenye bomba la maji ya moto, yanapanda mpaka paani, yanapoza tangi na kulifurisha. Na kikoki hicho alikiweka Spana mwenyewe, kwa mapenzi.

"Kumbe rahisi!" akasema, anafuta jasho. "Mama, ukimaliza, unafunga hizi mbili."

Mama akainua mikono. "Kwa vidole hivi? Kwani kikoki ulinitilia kwa nini? Koki za mviringo siziwezi. Sasa kila asubuhi nimwite mtu, nimesimama uchi? Bora baridi yangu."

Spana akachuchumaa mbele yake, akamshika mkono, akatazama kidole kimoja kimoja. Siku tisa alikuwa akitazama tangi tu. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

Mchana huohuo akabisha hodi mara tatu kwenye bafu tupu, akaingia, akang'oa zile za mviringo, akafunga koki za mpini mrefu kama za hospitali, unazisukuma kwa kiwiko. Kesho yake mama akajifungia ndani peke yake. Alioga mpaka akamaliza tangi zima. Sisi tukaoga baridi, na Spana alikuwa akipiga mayowe huku anacheka.